Nyuzi 95: siku nane kutoka Kilifi hadi Unguja

Haya nimeyatoa kwenye daftari la boti, nikajazia pale nilipoandika kwa haraka au kwa mkono uliojaa oili.

Siku ya 1: Kilifi hadi Mtwapa

Tuling'oa nanga saa 12 kasorobo asubuhi, maji yakianza kupwa, ili mkondo wa hori utusukume nje. Boti ni ya matanga, futi 34, fiberi tupu, na tumboni imebeba dizeli ya silinda 3, nguvu farasi 27. Ilikuwa imelala ndani ya hori la Kilifi karibu miaka miwili. Mwenyewe alikuwa Ulaya, na alitaka aikute Unguja. Nahodha ni mzee wa Wasini aliyeanza bahari utotoni kwenye majahazi, kabla hajajua mashine ni kitu gani. Namwita Ami, naye huniita mwanangu, ingawa undugu wetu ni wa maji ya chumvi tu. Mimi ni fundi. Miaka 9 nimelala chini ya magari ya matatu, miaka 3 kwenye maboti, na ile 9 ndiyo iliyoniponza safari hii.

Kabla ya kuondoka nilipangusa masizi nyuma ya boti, pale bomba la ekzosi linapotokea. Yalikuwa meusi, mazito, kama ya sufuria ya kuni. Nikajiambia mashine imezeeka. Nikakamua kitambaa, nikasahau.

Tukapita chini ya daraja, lile lililostaafisha kivuko mwaka 1991, geji ya joto ikisoma 78. Nje ya mlango wa mwamba mawimbi yakaanza kutupiga usoni, Ami akainua kidole: ongeza. Nikatoka mizunguko 1,500 kwa dakika nikaenda 2,200. Haikupita robo saa, sindano ikawa 85. Ikawa 88. Ikawa 92, na ilipogusa 95 king'ora kikalia, ile sauti nyembamba isiyovuta pumzi.

"Zima," Ami akasema. Wala hakugeuka. Alikuwa ameshashika kamba ya tanga.

Gari likichemka unaliegesha kando ya barabara, unavunja tawi la mti unaliweka nyuma. Huku kando ya barabara ni mwamba. Bahati yetu kaskazi ya Februari ilikuwa inavuma vizuri, tanga likashika, nami nikashuka chini na tochi.

Kwa asiyeijua, dizeli ya boti kama hii haina feni wala upepo wa kuipooza. Ina maji ya namna mbili ambayo hayakutani. Kuna maji matamu yenye kulanti, ile dawa ya kupoza mashine, yanayozunguka ndani ya mashine kama kwenye gari. Halafu kuna maji ya bahari. Haya yanaingia kwa koki iliyo chini ya boti, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu yenye impela ya mpira, yanapita kwenye kipozeo kuyapokonya joto yale matamu, kisha yanamwagwa ndani ya kiwiko cha ekzosi, ile kona ya bomba la moshi, na kutoka nje pamoja na moshi. Ndiyo maana boti hutema maji nyuma kama mtu anayesukutua. Njia hiyo ikiziba popote, geji inapanda, lakini wapi, hiyo ni shauri yako.

Nilianza pale maji yanapoanzia. Nikafunga koki, nikafungua chujio, nikakuta nyasi za bahari zimesokotana kama katani, na ndani yake ganda la kaa mdogo. Nikasafisha, nikafunga. Nilipotafuta ufunguo wa kuwashia sikuuona mahali pake. Ami alikuwa ameuning'iniza kwenye mkono wa koki.

"Koki ukiisahau imefungwa, ufunguo hutaupata," akasema. Miaka 12 ya spana, na hilo sikuwahi kulifikiria.

Tuliwasha tena kwenye mlango wa Mtwapa, 1,200 tu, ya kuingilia. Geji ikakaa 76. Nikaandika daftarini: "Chanzo: chujio. Imekwisha." Maneno hayo yamo mpaka leo, sikuyafuta.

Siku ya 2: Mtwapa hadi Shimoni

Karibu maili 50 za baharini, kwa hiyo tulitoka saa 10 alfajiri kwa mwanga wa mwezi. Upepo ulikuwa bado umelala. Mashine ikavuta kwa 2,000, nyuzi 80, 81, nami nikachemsha chai nikijisifu kimoyomoyo.

Jua lilichomoza tukiwa mbele ya mlango wa Kilindini, na king'ora kikachomoza nalo. Mbele yetu meli ya makontena ilikuwa inageuka kuingia. Tanga linapigapiga, hakuna pumzi. Ami akachukua redio, akaeleza kwa utulivu kabisa kwamba sisi ni boti ndogo ya matanga, mashine imezimika, hatuna upepo, na tuko upande wake wa kushoto. Wakajibu wametuona. Meli ilipita mbali kuliko nilivyoogopa, ila mawimbi yake yalitufikia nikiwa kichwa chini miguu juu kando ya pampu, na chai yote ikaenda ngamani, chini kabisa tumboni mwa boti.

Pampu ya maji ya bahari kwenye mashine hii inatazama ukuta. Aliyeichora hakuwahi kuifungua baharini. Skrubu 6 ndogo, unazifungua kwa kupapasa, na chini yake nilitandika kitambaa kwa sababu skrubu ikianguka ngamani ni mpaka kiama. Nilivuta impela kwa vijiko viwili vya chai, kimoja huku kimoja huku, kama mtu anayeng'oa kifuniko cha soda.

Impela ni kitu cha kijinga mno. Ni kigurudumu cha mpira chenye mapezi 6, kinaenea kiganjani, na boti ya mamilioni inakitegemea. Mapezi hujikunja na kujikunjua pampu inapozunguka, ndiyo yanayovuta maji. Mashine ikikaa bila kuzungushwa, mapezi yaliyokunjika hubaki yamekunjika, mpira ukakauka na kupasuka shinani. Hii yetu nilihesabu mara mbili. Manne.

Nikachukua ya spea, nikaipaka sabuni ya vyombo ili isianze kwa kukwaruza kavu (grisi ya kawaida huula mpira), nikaisokota kuelekea upande inaozungukia, ikaingia.

Ami akainama kwenye mlango wa chini. "Mawili yako wapi?"

"Yatakuwa yametoka na maji, Ami."

"Umeyaona yakitoka?"

Nikafungua mpira unaotoka kwenye pampu. Pezi moja lilikuwa humo, limekwama kwenye kona. La pili sikulipata. Wakati huo huo kaskazi ikaamka, boti ikalala ubavu, na kuendelea kufungua mipira katika hali ile ni kujitafutia kichefuchefu. Nikafunga. Shimoni tulifika saa 11 jioni kwa tanga, mashine tukaiwasha ya kutia nanga tu. Daftarini niliandika: "Impela mpya. Pezi moja halikuonekana, bila shaka limetoka." Hiyo "bila shaka" Ami aliisoma kwa tochi, akanirudishia daftari bila neno.

Siku ya 3: Shimoni

Kabla ya kwenda kugonga mihuri ya kutoka Kenya tulitaka kuijaribu mashine kwenye mkondo kati ya Shimoni na Wasini. Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji makubwa, na maji yakipita pale unaona uso wa bahari unasokotana kama nguo inayokamuliwa. Hakuna jaribio zuri kuliko hilo: mashine isukume kwa nguvu, boti isiende popote.

Tulisukuma kwa 2,500. Dakika ya 15, king'ora.

Kuzima hapo si kama kuzima baharini wazi. Mkondo ulituokota mara moja kuelekea kwenye mwamba, na upepo ulikuwa wa kupepea mshumaa. Ami aliachia nanga kabla sijamaliza kusema "Ami". Mnyororo ukakimbia na kelele zote, ukashika kwenye mita 14, boti ikageuka ikasimama. Wavuvi waliokuwa wakipita na ngalawa wakatusalimia kana kwamba tumetia nanga pale kwa hiari yetu, nasi tukaitikia hivyo hivyo.

Maji yalipolegea tukarudi taratibu. Jioni hiyo nilikaa kimya. Tayari nilikuwa nimetengeneza vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa vibovu kweli. Hilo ndilo lililonichanganya. Kama ningekuta kitu kizima, ningejua nimekosea. Nikikuta kibovu, nafunga sanduku la spana.

Siku ya 4: Shimoni bado

Leo tulifungua kila kitu.

Kwanza kifuniko cha maji matamu, asubuhi, mashine ikiwa baridi kama jiwe. Nasisitiza baridi. Kile kifuniko hushikilia mgandamizo ili maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100, kwa hiyo ukikifungua moto, maji yote hugeuka mvuke kwa mkupuo na kukuvaa usoni. Nina alama mkononi kutoka kwenye basi la Malindi, sihitaji ya pili. Kulanti ilikuwa imepungua kama lita moja, si ajabu kwa jinsi ilivyochemka. Mkanda wa pampu ya ndani mzima, haulegi.

Themostati, kile kimlango cha maji matamu kinachofunguka kwa joto, nikaishuku, kwa sababu kwenye gari huwa ndiyo ya kwanza kutupwa. Imegongwa namba 71, maana yake huanza kufunguka kwenye nyuzi 71. Mwenye boti alikuwa ameacha jikoni kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama, kwa hiyo tulifunga themostati na uzi, tukaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la gesi, Ami akashika uzi kama mvuvi wa mshipi. Tukakodoa macho. 60, kimya. 65, vipovu vidogo chini ya sufuria. 70, kimya. Ilipofika 72 kile kidirisha cha shaba kikajitenga na ukingo wake kwa unene wa ukucha, ukaona giza jembamba la duara. Kufika 85 kilikuwa wazi kabisa. Tukaitoa, ikajifunga yenyewe mbele yetu ikipoa.

"Huyu tulimsingizia," Ami akasema, akamwaga maji, akatumia sufuria hiyo hiyo kuchemshia muhogo.

Ikabaki kipozeo. Ni mtungi wa shaba, na ndani yake kuna rundo la vijibomba vyembamba: maji ya bahari yanapita ndani ya vijibomba, maji matamu yanapita nje yake. Nikafungua bolti, nikavuta kifuniko cha mwisho, na hapo nikamwita Ami aje aone mwenyewe.

Tulikuwa tunatafuta pezi moja la mpira. Tulikuta matatu. Moja letu, jeusi bado na lenye ncha kali. Mawili mengine yamelainika na kuviringika kama kokoto. Kumbe kuna impela nyingine ilishakatika zamani, mtu akabadilisha, naye pia akaandika mahali "bila shaka limetoka". Yote yalikuwa yamejibandika kwenye midomo ya vijibomba kama majani kwenye mdomo wa mtaro. Penseli ya zinki, ambayo huwekwa humo iliwe na kutu badala ya shaba, ilikuwa imeliwa yote, kimebaki kichwa chake cha skrubu, na vipande vyake vimelala chini vikisaidia kuziba.

Vijibomba vyenyewe vilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi na chokaa. Waya ungeweza kuvitoboa. Ami akashuka pwani, akarudi na chelewa kadhaa alizozichomoa kwenye ufagio wa mtu (kwa ruhusa, anadai). Chelewa ya mnazi ni ngumu ya kutosha kusukuma ukoko na laini ya kutosha kutoikwaruza shaba. Tukasukuma kijibomba kimoja kimoja, kila kimoja kikitema unga mweupe upande wa pili. Kisha tukauziba mtungi, tukaujaza siki ya chupa nne na ndimu zote zilizokuwamo botini. Ukachemka povu kama soda mpaka usiku.

Siku ya 5: Shimoni hadi Tanga

Mihuri ilichukua asubuhi. Maili 30 za kwenda Tanga zikachukua mchana, nyingi kwa tanga, kaskazi ikitusukuma begani. Kipozeo kilikuwa kinang'aa ndani, kulanti mpya nusu kwa nusu na maji, hewa yote nimeitoa. Kwa 1,800 geji ilikaa 78, nusu saa nzima. Nikamtazama Ami. Akasema, "Ongeza."

2,200: 82, 84, 86. 88. Ikasimama hapo, kisha kama mtu anayenyata ikaenda 90. King'ora hakikulia. Lakini mashine nzima haipandi hivyo. Tulikuwa tumeondoa vizuizi vitatu na bado palikuwa na cha nne.

Ami ndiye aliyekaa nyuma muda wote, kwa hiyo ndiye aliyeona. "Mwanangu, hebu njoo usikilize." Nikaenda tezini. Maji yalikuwa yanatoka, ndiyo, lakini kwa kikohozi: tema, nyamaza, tema, na kati yake mvuke mweupe. Na pale nilipopangusa Kilifi, masizi yalikuwa yamerudi, meusi vile vile. Moshi mweusi wa dizeli ni mashine inayokosa hewa, na mashine haikosi hewa kwa kutoingiza tu. Hukosa pia kwa kushindwa kutoa.

Tulitia nanga Raskazone saa 10 jioni. Afya, bandari, forodha, uhamiaji, kila meza na fomu yake, watu wastaarabu wote lakini kalamu moja. Hayo yalipokwisha nikafanya kile ambacho ningefanya Kilifi kama ningekuwa na akili: nikapima.

Nilivua mpira unaopeleka maji ya bahari kwenye kiwiko cha ekzosi, nikauelekeza kwenye ndoo. Ami akawasha kwa 1,800, tukahesabu sekunde 20 kwa saa ya simu, akazima. Si zaidi ya hapo, maana bomba la ekzosi ni la mpira, na bila maji ndani yake linaungua. Ndoo ilikuwa na lita nne na robo. Nikaurudisha mpira mahali pake, nikashuka kwenye kidau, nikashika ndoo chini ya bomba la nyuma. Sekunde 20 zile zile, mizunguko ile ile. Lita mbili na kidogo.

Sijui kama msomaji anaona nilichokiona pale kwenye kidau, nikiwa nimelowa hadi kiunoni. Pampu inatoa vizuri ikimwaga ndooni, inashindwa ikimwaga kwenye kiwiko. Chujio, impela, kipozeo, vyote viko kabla ya ule mpira. Baada yake kuna kitu kimoja tu.

Siku ya 6: Tanga

Kiwiko kimefungwa kwa bolti nne. Usiku nilizimwagia mafuta ya taa, alfajiri nikazigonga kidogokidogo kwa nyundo, mafuta ya taa tena, chai, nyundo. Tatu zilikubali. Ya nne ilinishikilia hadi saa 3, na ilipolegea nilipiga ukelele uliosikika kwenye boti ya jirani.

Nikakitazama kiwiko kwa mdomo. Tundu la moshi, ambalo lingepitisha ndizi, lilikuwa limebaki la kupitisha penseli. Mengine yote ni kaa jeusi, gumu, limechanganyika na chumvi, na upande maji yanakoingilia vitundu vilikuwa vimefukiwa kabisa isipokuwa viwili.

Tulikipeleka Ngamiani, kule mitaa inakohesabiwa kwa namba, kwa fundi wa kuchomelea mageti. Kijana wa kama miaka thelathini. Alimwamkia Ami shikamoo, akakigeuza kiwiko mkononi, akachomeka bisibisi, akainusa ncha yake.

"Hii mlikuwa mnasafiria, au mlikuwa mnachajia betri?"

Tukatazamana. Kwa simu nikamuuliza mwenye boti. Jibu lilikuja bila wasiwasi wowote: alipokuwa akija likizo Kilifi aliwasha mashine kwa muda wa saa mbili kila siku, nangani, mzunguko wa chini kabisa, kwa ajili ya friji.

Ndiyo hiyo. Dizeli inataka mzigo. Ukiiacha inanguruma polepole bila kazi, haipati moto wa kuunguza mafuta yake yote, na yasiyoungua hutoka kama masizi yenye unyevu. Kwenye kiwiko masizi hayo hukutana na maji ya chumvi, yakaganda. Kidogo leo, kidogo kesho. Njia ya moshi inapungua, njia ya maji inapungua, na mtu anakunywa bia ya baridi bila kujua.

Fundi alikiweka kiwiko juu ya matofali, akakiwashia moto wa gesi. Kaa lilianza kung'aa kwa ndani, jekundu, likaendelea kuungua lenyewe hata alipoondoa moto, cheche zikitoka mdomoni kama kiberiti cha sikukuu. Akakiacha kipoe chenyewe. "Ukimwagia maji kinapasuka, mkubwa," aliniambia, kana kwamba nilikuwa nimeshika ndoo. Kisha tindo na nyundo ndogo, na vipande vikawa vinaanguka kama maganda ya mti. Mabaki akayalainisha kwa asidi ya kusafishia vigae, ameizimua kwa maji, akasuuza mara tatu.

Kazi niliyoipenda ni iliyofuata. Kiwiko kina kuta mbili, moshi ndani, maji nje, na ule ukuta wa ndani ukitoboka, maji ya bahari hurudi ndani ya silinda na mashine imekwisha. Kwa hiyo aliziba njia ya maji upande mmoja kwa kipande cha mti, akaijaza mafuta ya taa, ambayo hupenya hata pale maji yasipopenya, akaliacha tundu la moshi wazi juu ya gazeti kavu. Tukaenda kula. Wali, samaki, na machungwa ya Muheza ambayo Ami alikula sita. Saa mbili baadaye gazeti lilikuwa kavu. Fundi akapitisha kidole ndani. "Ukuta umeshaliwa, lakini upo. Mwaka, mwaka na nusu. Agizeni kingine."

Gaskiti, ile karatasi ya kuziba maungio, aliikata hapo hapo. Aliweka karatasi ya gaskiti juu ya uso wa kiwiko, akaipigapiga kwa kichwa cha nyundo kufuata kingo, tik tik tik, mpaka chuma chenyewe kikaikata karatasi. Matundu ya bolti alitumia gololi ya beringi, pigo moja kila tundu. Hakuna rula, hakuna penseli. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutuonea aibu, tukaongeza, naye akasema Wakenya leo wamekuwa waungwana.

Jioni nikafunga kila kitu, nikashuka kwenye kidau na ndoo. Sekunde 20: lita nne. Nikamwomba Ami arudie, si kwa sababu sikuamini, bali nilitaka kuusikia tena ule mlio wa maji yasiyokohoa.

Siku ya 7: Tanga hadi Nungwi

Maili 40 na kitu. Tulitoka usiku, tukapita mnara wa Ulenge, na alfajiri tukaiona Pemba kama mstari wa wingu kushoto. Upepo ulishika mapema, mashine haikuhitajika. Hata hivyo tuliiwasha katikati ya mkondo wa Pemba, makusudi, saa nzima kwa 2,500, Ami akisoma geji kila dakika tano na mimi nikiandika. 76, 78, 79, 79, 79, 79. Nilipochoka kuandika namba ile ile nikaandika "kama juu".

Nyuma ya boti peupe. Pomboo walituandama kidogo, wakaona hatuna samaki.

Siku ya 8: Nungwi hadi Malindi, Unguja

Tumbatu tukaipita, upepo nyuma, chakula cha mchana sahanini bila kumwagika. Mbele ya bandari ya Malindi tulishusha matanga tukaingia kwa mashine katikati ya mashua na majahazi, mbele, nyuma, mbele tena, aina ya kazi ambayo wiki moja kabla nisingethubutu. Nanga chini saa 9:20 alasiri. Nyuzi 78. Ami akafunga koki, akatundika ufunguo kwenye mkono wa koki.

Nilimwandikia mwenye boti ripoti ndefu: chujio, impela, mapezi matatu, zinki, kiwiko, ukuta uliobaki na mwaka mmoja, namba ya kipuri cha kuagiza, na ombi la heshima kwamba asiwashe tena mashine nangani bila mzigo. Nikaambatanisha picha ya lile tundu la penseli.

Akajibu upesi. Ameshukuru sana, anatua Jumamosi na rafiki zake, na je, tunaweza kuiwasha mashine saa moja mbili kwa siku hadi hapo ili friji iwe tayari?

Nikamsomea Ami. Alikuwa anakunja tanga, akaendelea kulikunja hadi mwisho, akalifunga.

"Mwambie soko la samaki la Malindi wanauza barafu."

Nikaandika hivyo hivyo.